Maswali ya Wasomaji: Pingili ya Kiuno Ikiteleza, na Upasuaji wa Matundu Madogo

Barua za safari hii karibu zote zinahusu pingili ya kiuno iliyoteleza mbele, na wengi wenu mmeshasikia kwamba siku hizi inaweza kutengenezwa kwa matundu madogo badala ya mgongo kufunguliwa wote. Ni kweli. Lakini tundu dogo ni la ngozi na msuli tu. Kazi inayofanyika ndani ni kubwa vilevile. Tunaomba mlikumbuke hilo mnaposoma majibu.

Nina miaka 58. Picha imeonyesha pingili ya nne ya kiuno imeteleza juu ya ya tano, daraja la kwanza. Nikitembea dakika kumi miguu inakuwa mizito na kuwaka moto hadi kwenye nyayo. Nikikaa au nikiinama mbele, inapoa. Je, ni lazima nipasuliwe?

Hapana, mama, si lazima, na hakuna haja ya kuamua kwa pupa.

Madaraja hupimwa kwa kuangalia pingili ya juu imesogea mbele kwa kiasi gani cha upana wa ile iliyo chini yake. Daraja la 1 haizidi asilimia 25, la 2 ni hadi 50, la 3 hadi 75, la 4 hadi 100, na la 5 ni pingili iliyodondoka kabisa mbele ya mwenzake. Lako ndilo la chini, tena ndilo tunalokutana nalo zaidi kwa wanawake waliopita miaka 50. Diski, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, hunywea kwa umri, viungo vidogo vya nyuma ya pingili hulika na kulegea, na pingili ya nne husogea taratibu. Aina hii kwa kawaida hujizuia yenyewe kabla ya kufika mbali.

Kinachokuumiza si pingili kusogea bali mfereji kubanwa. Pingili inapokwenda mbele ikiwa nzima, upinde wake wa nyuma huenda nayo na kuubana mfereji unaopitisha mishipa ya fahamu ya miguu. Ukisimama wima mfereji huzidi kuwa mwembamba, ukiinama hupanuka. Ndiyo maana wengi wenye hali yako huendesha baiskeli bila shida ilhali kutembea kunawashinda. Mwombe daktari apime pia mapigo ya damu kwenye nyayo zako, kwa sababu mishipa ya damu iliyoziba miguuni huleta maumivu yanayofanana na haya. Tofauti ni kwamba mwenye tatizo la damu hupata nafuu kwa kusimama tu, bila kuinama wala kukaa.

Anza na mazoezi ya fiziotherapia kwa wiki 6 hadi 12: kuimarisha misuli ya tumbo na matako, kunyoosha misuli ya nyuma ya paja, na kuepuka mazoezi ya kupinda mgongo kwa nyuma. Sindano ya steroidi karibu na mshipa uliobanwa huweza kutuliza mguu kwa wiki au miezi kadhaa, ingawa haipanui kitu. Upasuaji huingia kwenye mazungumzo ikiwa baada ya miezi mitatu hivi bado umbali unaoweza kutembea ni mfupi kiasi cha kukuharibia maisha, au nguvu za mguu zinapungua.

Kuna hali moja isiyosubiri: mkojo kugoma kutoka au kutoka bila kujua, haja kubwa kutozuilika, ganzi sehemu za siri na zile unazokalia, au miguu yote miwili kulegea. Ukiona hata dalili moja kati ya hizo, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Nimeshapigwa MRI na ripoti inasema mtelezo ni mdogo sana. Daktari wa pili anataka eksirei za kawaida nikiwa nimesimama. Je, ananizungusha?

Hakuzungushi. Kwenye MRI umelala chali, uzito wa mwili umeondoka mgongoni, na pingili iliyolegea mara nyingi hurudi mahali pake. MRI ni bora kwa kuona mishipa ya fahamu na diski, lakini inaweza kuuficha mtelezo wenyewe. Eksirei ya kusimama, kisha moja ukiwa umeinama mbele na nyingine ukijipinda nyuma, huonyesha kama pingili inacheza. Ikisogea zaidi ya mm 3 au 4 kati ya picha hizo mbili, madaktari wengi huiita isiyotulia, na hilo hubadilisha aina ya upasuaji. Kama bado anashuku ufa kwenye mfupa wa nyuma, ataomba CT skani, ambayo huuonyesha mfupa vizuri kuliko zote.

Daktari ameniambia nitafanyiwa "upasuaji wa matundu madogo wa kuunganisha pingili". Nilimwitikia tu, lakini sikuelewa. Ndani wanafanya nini hasa?

Tutaeleza njia inayotumika sana, ile ya kuingia nyuma kwa upande. Zipo nyingine zinazopitia tumboni au ubavuni. Ya ubavuni haifai kwa pingili ya mwisho kwa sababu mfupa wa nyonga unaziba njia, na huweza kuacha paja likiwa na ganzi au ulegevu kwa muda.

Unapewa nusukaputi, kisha unalazwa kifudifudi juu ya meza isiyozuia miale ya eksirei. Kifua na nyonga huegemezwa kwenye mito, tumbo likiachwa huru. Tumbo likibanwa, damu hujaa kwenye vena zinazouzunguka mfereji wa uti wa mgongo, na daktari hujikuta akifanya kazi kwenye damu isiyokoma. Mashine ya eksirei yenye umbo la herufi C huletwa mezani na pingili huhesabiwa. Wapo watu wenye pingili nne au sita za kiuno badala ya tano, na kosa la kupasua pingili isiyo yenyewe huanzia kwenye hesabu hii. Kwa hiyo hurudiwa, ikilinganishwa na picha za awali.

Kisha huja michano miwili, mmoja kila upande, ya sm 2.5 hadi 3 na umbali wa sm 4 hivi kutoka mstari wa kati wa mgongo. Katika upasuaji wa wazi, msuli hubanduliwa kutoka kwenye mfupa na kuvutwa kando kwa saa kadhaa. Sehemu yake hufa na kuwa kovu. Hapa daktari hupenya katikati ya nyuzi za msuli. Hutanguliza mrija mwembamba, huuvika mwingine mpana kidogo, na mwingine tena, hadi abaki na mrija mmoja wa kufanyia kazi wenye upana wa mm 18 hadi 22. Kila kinachofuata hufanyika kupitia tundu hilo, chini ya hadubini.

Kwanza huondoa kiungo kidogo cha nyuma, upande wa mguu unaouma zaidi. Vipande vya mfupa huo havitupwi. Husafishwa na kukatwakatwa ili vitumike baadaye. Huondoa kano ya manjano iliyonenepa, na hapo mshipa wa fahamu huonekana na kupata nafasi. Mshipa ukisogezwa kando kwa upole, diski huchanwa na kukwanguliwa yote.

Hatua hii ya kukwangua ndiyo tunayoiona kuwa moyo wa upasuaji wote, ingawa wagonjwa hawaiulizii kamwe; wao huuliza vyuma. Gegedu ikibaki, mfupa haushiki. Na ukikwangua kupita kiasi ukaitoboa sahani ngumu ya mfupa iliyo juu na chini ya diski, kitakachowekwa pale kitazama kwenye mfupa laini. Daktari mzuri huacha uso mgumu unaotoa vidoa vya damu. Kisha nafasi hujazwa vipande vya mfupa, na kati yake huingizwa keji, yaani kisanduku chenye matundu, cha titaniamu au plastiki ngumu, chenye kimo cha mm 8 hadi 14. Keji hurudisha kimo cha diski, hivyo hupanua pia vijia ambavyo mishipa hutokea.

Mwisho ni skrubu 4, mbili kwa kila pingili. Hupita kwenye vikonyo, yale madaraja mafupi ya mfupa yanayounganisha mwili wa pingili na upinde wake wa nyuma. Sindano nene hutangulia, waya mwembamba hupitishwa ndani yake, kisha skrubu yenye tundu katikati huteremka juu ya waya. Upana wake ni mm 5.5 hadi 7.5, urefu mm 40 hadi 50. Vijiti viwili vya chuma huteremshwa chini ya ngozi na kufungwa kwenye vichwa vya skrubu. Waya ule ni wa kuchungwa sana: ukisukumwa mbele bila kuangaliwa, hutoboa upande wa mbele wa pingili, na mbele ya pingili ipo mishipa mikubwa ya damu. Picha hupigwa mara kwa mara kwa sababu hiyo.

Je, pingili hurudishwa mahali pake? Kiasi chake hurudi yenyewe unapolazwa na keji inapoingia. Kuivuta hadi inyooke kabisa si lengo, na katika mtelezo mkubwa wa pingili ya tano ni hatari: mshipa wake uliozoea kukaa kwa ufupi hunyooshwa ghafla, na mgonjwa huamka unyayo ukiwa hauinuki.

Kazi yote huchukua saa 2 hadi 4 na damu inayopotea kwa kawaida ni kidogo kuliko ya upasuaji wa wazi. Katika wiki za kwanza mgonjwa wa matundu madogo huwa mbele: hulazwa siku chache na huhitaji dawa chache za maumivu. Baada ya mwaka mmoja au miwili, hali yake hufanana sana na ya aliyepasuliwa kwa njia ya wazi. Kwa hiyo, ukipata daktari hodari wa njia ya wazi na mwingine anayejifunza ya matundu, usichague kwa ukubwa wa kovu. Uliza amefanya upasuaji kama wako mara ngapi.

Daktari mmoja anataka kupanua mfereji tu. Mwingine anasema bila vyuma pingili itateleza zaidi. Nimsikilize nani?

Wote wawili wana hoja. Kwa miaka mingi ilichukuliwa kwamba kila mtelezo unaopasuliwa lazima uunganishwe. Mwaka 2021 utafiti wa Norway ulichapishwa, ukihusisha wagonjwa 267 wenye mtelezo wa uzee kwenye pingili moja tu. Nusu walipanuliwa mfereji tu, nusu wakaunganishwa pia. Baada ya miaka miwili, waliopata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 71 kwa kundi la kwanza na 73 kwa la pili. Hiyo si tofauti. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2016 ulikuwa umeonyesha faida ndogo kwa waliounganishwa, kwa hiyo mjadala haujafungwa.

Kwa maoni yetu, maumivu yako yakiwa zaidi ya mguu kuliko mgongo, diski ikiwa imeshanywea na picha za kuinama zikionyesha pingili imetulia, kupanua mfereji peke yake ni jambo la kufikiria kwa uzito. Upasuaji ni mfupi na hakuna cha kusubiri kiungane. Vyuma vina sababu nzuri pale pingili inapocheza, pale mgongo wenyewe unapouma kila usimamapo, au pale mtelezo unapotokana na ufa wa mfupa na mshipa umebanwa kwenye kijia chake, kwa sababu hapo huwezi kupanua vya kutosha bila kulegeza zaidi. Mwulize kila daktari swali hili: "Kwenye picha zangu, ni kitu gani kinachokufanya uchague njia hiyo?" Asipokuwa na jibu linaloonekana kwenye picha, tafuta maoni ya tatu.

Shikamoo daktari. Baba yangu aliwekewa skrubu na keji miezi minane iliyopita. Miezi mitatu ya kwanza alikuwa mzima kabisa, sasa maumivu ya kiuno yamerudi. Skrubu zimekatika?

Marahaba. Huenda ziko salama, lakini swali lako ni zuri kwa sababu wakati maumivu yanaporudi hutupa fununu ya chanzo.

Maumivu mapya ya mguu saa au siku za kwanza hutufanya tushuku skrubu iliyotoka nje ya kikonyo na kugusa mshipa, au damu iliyoganda ikibana. Maumivu ya kichwa yanayozidi mtu akikaa na kupoa akilala huashiria utando wa uti wa mgongo umechanika na maji yake yanavuja. Homa, kidonda chekundu au kinachotoa majimaji katika wiki za mwanzo ni maambukizi hadi ithibitike vinginevyo. Baada ya miaka, mara nyingi ni pingili jirani, ya juu hasa, iliyobeba kazi ya zile zilizofungwa.

Nafuu nzuri ikifuatiwa na maumivu yanayorejea kati ya miezi 6 na 12, kama ya baba, hutupeleka kwenye jambo moja kwanza: mfupa haujaungana. Skrubu na vijiti ni tegemeo la muda tu, kama mbao zinazoshikilia zege hadi likauke. Mfupa usipoungana, chuma huendelea kupinda kidogo kwa kila hatua anayopiga, na mwishowe skrubu hulegea kwenye mfupa au hukatika. Aende akapigwe CT skani, si eksirei peke yake. Daktari atatafuta mfupa unaopita bila kukatika ndani au kando ya keji, na kivuli cheusi kuzunguka skrubu kinachoashiria kulegea. Apimwe pia damu kuangalia kama kuna maambukizi yanayojificha, kwa sababu nayo huleta picha hiyohiyo. Na kama baba anavuta sigara, mwambie daktari waziwazi.

Nina kisukari na ninavuta sigara. Upasuaji ni baada ya miezi miwili. Nijiandae vipi?

Miezi miwili ni muda wa kutosha ukianza leo. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu ambayo mfupa mpya unaitegemea. Acha angalau wiki 4 hadi 6 kabla, na usirudi kwa miezi isiyopungua 3 baada ya upasuaji. Viraka na pipi za nikotini ni afadhali kuliko sigara, ila bado zina nikotini, kwa hiyo panga na daktari namna ya kuziacha. Kipimo cha sukari ya miezi mitatu, HbA1c, kikiwa juu ya asilimia 8, madaktari wengi huahirisha, na wana haki: kidonda huambukizwa na mfupa hukawia. Vitamini D ipimwe na kurekebishwa. Ukiwa na zaidi ya miaka 60, au umetumia steroidi kwa muda mrefu, omba kipimo cha uzito wa mifupa, kwa kuwa skrubu kwenye mfupa mwepesi ni sawa na msumari kwenye ubao uliooza.

Taja dawa zote unazotumia. Warfarini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda, kwa kawaida husimamishwa siku 5 hadi 7 kabla, lakini usiziache kwa uamuzi wako. Mwenye kifaa moyoni anaweza kuhitaji mpango tofauti.

Nikishafanyiwa, ni lini nitatembea, nitaendesha gari, nitambeba mwanangu?

Kutembea ni siku hiyohiyo au kesho yake, dakika chache mara nyingi kwa siku, ukiongeza kila siku. Kutembea ndiyo dawa yako kuu ya wiki 6 za mwanzo na hupunguza hatari ya damu kuganda miguuni. Wengi hurudi nyumbani baada ya siku 1 hadi 3. Kutoka kitandani, geuka ubavu mwili wote kwa pamoja kama gogo, teremsha miguu, kisha jisukume kwa mikono.

Kwa wiki 6 usiinue kinachozidi kilo 4 au 5, usiiname kiunoni, usijisokote. Mwanao aje mapajani ukiwa umekaa. Usimnyanyue kutoka chini. Gari ni baada ya wiki 2 hadi 6, ukiwa umeacha dawa kali za maumivu na mguu unaweza kukanyaga breki kwa ghafla. Kazi ya mezani ni wiki 4 hadi 6, kazi nzito miezi 3 hadi 6. Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki usizitumie bila ruhusa, kwani madaktari wengi huzizuia kwa wiki au miezi ya mwanzo wakihofia zitachelewesha mfupa kuungana.

Mguu hupoa kabla ya mgongo. Ganzi ndiyo ya mwisho kuondoka. Huchukua miezi, na ikiwa mshipa ulibanwa miaka mingi, sehemu yake huweza kubaki. Tunasema hivi kwa sababu wengi huhesabu ganzi iliyobaki kuwa upasuaji ulioshindwa, wakati nguvu na maumivu vyote vimetengemaa.

Binti yangu ana miaka 14, anafanya jimnastiki. Ameonekana na ufa pande zote mbili za pingili ya tano na mtelezo wa daraja la kwanza. Tumeshtuka.

Mnastahili kushtuka kidogo, si sana. Ufa wa namna hii hupatikana kwa takriban watu 5 hadi 6 katika kila 100, na wengi hawajui kama wanao. Michezo ya kujipinda nyuma mara kwa mara, kama jimnastiki, huuchosha mfupa mwembamba wa nyuma ya pingili hadi upasuke. Apumzike mchezo kwa miezi 3 hivi, afanye mazoezi ya tumbo na ya kunyoosha misuli ya nyuma ya paja, na arudi polepole maumivu yakiisha. Mtelezo huongezeka zaidi wakati wa kurefuka kwa kasi, kwa hiyo apigwe eksirei ya kusimama kila baada ya miezi 6 hadi 12 mpaka aache kukua. Mtelezo ukivuka asilimia 50, au mwendo wake ukibadilika, mpelekeni kwa mtaalamu wa migongo ya watoto.

Skrubu hutolewa baadaye?

Mara nyingi hazitolewi. Mfupa ukishaungana hazina kazi, lakini hazidhuru, na kuzitoa ni upasuaji mwingine. Hutolewa zikilegea, zikiambukizwa, au kichwa cha skrubu kikichoma chini ya ngozi kwa mtu mwembamba. Titaniamu haizuii kupigwa MRI, ingawa huacha kivuli kwenye picha kuzunguka pale ilipo. Mwambie mpiga picha kabla hujaingia.